Namna ya Kutumia Arafa Kuwasaidia Manusura wa Saratani Kudumisha Mazoea Mema ya Afya

Mgonjwa anapomaliza tibakemikali au tiba ya mionzi hupewa tarehe ya kliniki inayofuata, ambayo mara nyingi ni baada ya miezi kadhaa, kisha hurudi nyumbani Nyando, Butere, Molo au Kimilili. Ni katika miezi hiyo, wala si katika zile dakika chache za kuonana na daktari, ambapo ataamua kama atatembea au atashinda ameketi, kama atarudia sigara na chang'aa, na kama atameza tembe zake za homoni hata siku ambazo viungo vinamuuma kwa sababu ya tembe zenyewe. Mwongozo huu umeandikiwa wauguzi, viongozi wa vikundi vya manusura na wahamasishaji wa afya ya jamii wa Kisumu, Nakuru na kaunti za magharibi mwa Kenya ambao wangependa kuwa karibu na watu hao katika kipindi hicho kwa njia ya ujumbe mfupi wa simu.

Arafa inafaa zaidi kuliko kundi la WhatsApp kwa kazi hii, ingawa wengi watapendekeza WhatsApp kwanza. Arafa huingia katika simu ya kabambe isiyo na intaneti, humfikia mtu asiye na bando, na kwa kawaida hungoja hadi simu iliyozimika kwa kukosa chaji iwashwe tena. Zaidi ya hayo, arafa humwendea mtu mmoja peke yake. Katika kundi la WhatsApp namba ya kila mwanachama huonekana na wenzake wote, na kwa mwanamke ambaye hajawaambia hata wakwe zake kwamba aliugua, kuonekana huko kunatosha kumfanya ajitoe siku ya kwanza.

Yaliyojaribiwa tayari

Hatuhitaji kuazima ushahidi wote kutoka ng'ambo, kwa maana baadhi ya majaribio yanayotajwa sana duniani kuhusu arafa na afya yalifanyika nchini Kenya, kwa watu wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi. Katika jaribio la WelTel, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010, wagonjwa 538 wa Nairobi na Kajiado waligawanywa katika makundi mawili, na kundi moja likawa linatumiwa kila wiki neno moja tu, "Mambo?", ambalo mgonjwa alitakiwa kulijibu kwa "Sawa" au "Shida" katika muda wa saa 48. Aliyejibu "Shida", na vilevile aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Waliomeza dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 katika kundi la arafa na asilimia 50 katika kundi lingine.

Jaribio la pili lilifanyika karibu zaidi na sisi, katika kituo cha afya cha Chulaimbo, nje kidogo ya mji wa Kisumu, na likachapishwa mwaka 2011. Hapo watu walifuatiliwa kwa wiki 48, wengine wakipata arafa kila siku na wengine mara moja kwa wiki, wengine wakipata ujumbe mfupi na wengine ujumbe mrefu zaidi wenye maneno ya kutia moyo. Miongoni mwa waliopata arafa ya kila wiki, asilimia 53 walimeza angalau asilimia 90 ya dawa zao, ilhali kwa wasiopata arafa yoyote walikuwa asilimia 40. Arafa za kila siku hazikuleta tofauti hiyo, na yale maneno ya ziada ya kutia moyo hayakuushinda ujumbe mfupi. Ningependa kila mtu anayeanzisha mradi wa namna hii ayasome matokeo hayo polepole, kwa sababu jambo la kwanza linalotujia akilini tunapomhurumia mgonjwa ni kumwandikia kila siku na kumwandikia kwa urefu.

Saratani si ukimwi, na ni haki kuitaja pia habari isiyopendeza. Nchini Marekani wanawake 724 waliotibiwa saratani ya matiti, ambao walikuwa wakimeza dawa za kuzuia mwili kutengeneza homoni ya estrojeni, walishiriki katika jaribio ambalo nusu yao walitumiwa arafa mara mbili kwa wiki kwa muda wa miaka mitatu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba arafa hizo hazikuwasaidia kudumu na dawa kuliko wenzao, na watafiti wenyewe wakasema kwamba huenda kazi hiyo ikahitaji msaada unaomlenga mtu binafsi na unaoendelea. Ninayachukulia majaribio haya matatu kuwa onyo na mwongozo kwa pamoja: usitume mara nyingi, usitume maneno mengi, na usianze kutuma kabla hujampata mtu atakayezisoma na kuzishughulikia arafa za majibu. Kumkumbusha mtu jambo analolijua tayari ni msaada mdogo. Anachokikosa mara nyingi ni mtu wa kumwambia kwa nini limemshinda.

Kabla ya arafa ya kwanza

Zungumza na kila mshiriki ana kwa ana, kliniki au nyumbani kwake, na umweleze utamtumia nini, mara ngapi, nani atasoma majibu yake, na namna ya kujitoa bila kuulizwa sababu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaziweka habari za afya ya mtu katika kundi la data nyeti, kwa hiyo ridhaa yake iandikwe na itiwe sahihi au alama ya kidole, na orodha yenye majina, namba na aina ya ugonjwa isikae katika simu isiyo na namba ya siri wala katika daftari linalozunguka mikononi mwa watu. Hospitali na mashirika yanayoshughulikia wagonjwa yanapaswa pia kuwa yamesajiliwa na ofisi ya Kamishna wa Data. Ikiwa unakusudia kuchapisha matokeo, pata kwanza kibali cha kamati ya maadili ya utafiti.

Swali la nani anashika simu linahitaji muda zaidi ya watu wanavyodhani. Katika nyumba nyingi simu ni moja, au ya mama hushikwa na mtoto jioni, au ya mzee husomwa na mjukuu kwa sababu macho yake yamepungua nguvu. Muulize mshiriki waziwazi: je, mtu mwingine akiisoma arafa hii itakuletea taabu? Hata akisema hapana, neno "saratani" lisiandikwe ndani ya arafa isipokuwa yeye mwenyewe amelikubali, na jina linalotokea juu ya ujumbe lisitaje kliniki ya saratani. Hadhari hiyo inawahusu kwa namna ya pekee wanawake waliotibiwa saratani ya mlango wa kizazi na ambao pia wanaishi na virusi vya ukimwi. Wao ni wengi katika eneo hili, kwa kuwa virusi hivyo huongeza hatari ya saratani hiyo takriban mara sita, na arafa moja isiyo na uangalifu yaweza kuifichua siri mbili kwa mpigo.

Muulize pia anapenda kuitwa nani. Mwanamke anayeitwa Mama Atieno mtaani hatajisikia anaambiwa yeye akiandikiwa kwa jina la kitambulisho, na mzee wa miaka sabini hatafurahia kusalimiwa "Mambo?" na mtu asiyemjua, hata kama neno hilo lilifaulu kwingine. Salamu ya "Habari ya wiki, Mzee" inatosha. Kwa wanaopendelea lugha ya nyumbani, andaa arafa za Dholuo, Kiluhya, Kinandi au Ekegusii, lakini zitungwe upya na mzungumzaji wa lugha hiyo badala ya kufasiriwa neno kwa neno, kisha zisomwe kwa sauti mbele ya manusura watatu au wanne kabla ya kutumwa. Asiyeweza kusoma asiachwe nje: anaweza kupigiwa simu kwa saa ileile ya wiki, akaulizwa swali lilelile.

Mwisho wa mazungumzo hayo, waombe daktari au muuguzi wake wakuandikie anachoruhusiwa na anachokatazwa. Mtu ambaye saratani imefika kwenye mifupa, mtu aliyebaki na ganzi miguuni baada ya tibakemikali, na mtu mwenye mfuko wa choo tumboni hawawezi kupokea arafa sawa ya mazoezi. Hapa ndipo miradi mingi huharibika, kwa kuwa ni rahisi kutunga orodha moja ya arafa na kuwamiminia watu wote. Igawe orodha yako angalau kwa aina ya ugonjwa na hali ya uzito. Katika Magharibi na Bonde la Ufa saratani ya umio, yaani mrija wa chakula, ni ya kawaida kuliko sehemu nyingi za dunia, na walionusurika wengi wao wamekonda na wanapigania kilo mbili tatu za kurudisha. Kumtumia mtu kama huyo arafa ya kupunguza uzito ni kumdhuru na kumvunja moyo.

Mazoea ya kuhimiza

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili. Kwa manusura wa saratani, jopo la wataalamu wa kimataifa lilieleza mwaka 2019 kwamba hata dakika 30 mara tatu kwa wiki hupunguza uchovu unaobaki baada ya matibabu, wasiwasi na huzuni. Mwendo wa wastani ni ule ambao mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Anza na dakika kumi, na uziongeze pale tu mshiriki anapojibu kwamba kumi zimekuwa rahisi. Usisahau kuhesabu kazi anazozifanya tayari: mwanamke anayepalilia shamba lake Vihiga au kuteka maji mtoni hana haja ya kuambiwa aende kufanya mazoezi, na arafa isiyoijua kazi hiyo humwonyesha kwamba aliyeiandika hajui maisha yake. Anayehitaji mwendo zaidi ni yule anayekaa dukani kutwa, au anayepanda boda boda kutoka Nyalenda hadi soko la Jubilee ilhali angeweza kushuka mapema na kumalizia kwa miguu. Jua la Kisumu likiwa kali, mwendo uwe asubuhi mapema au jioni kabla ya giza.

Kwa waliofanyiwa upasuaji wa titi na kuondolewa tezi za kwapani, bado ushauri wa zamani unasikika kwamba wasibebe chochote maisha yao yote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliohusisha wanawake 141 wenye uvimbe wa mkono, ulionyesha kwamba kunyanyua uzito kwa kuongeza kidogo kidogo na chini ya uangalizi hakukuuzidisha uvimbe huo. Kwa hiyo arafa yako isiwatie hofu. Inaweza kuanza na chupa ya maji ya nusu lita, baada ya mtaalamu wa tiba ya viungo kumwonyesha namna, na kumkumbusha avae glavu anapolima ili mkono usikatwe na kuambukizwa.

Kwa chakula hatuhitaji kutaja vitu vya dukani vya bei. Managu, kunde, mrenda, saga na sukuma wiki, omena, ndengu, maharagwe, viazi vitamu, nduma, uji wa wimbi, mapera na maembe ya msimu vinatosha kuijaza miezi sita ya arafa. Kiwango kinachopendekezwa ni angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na chumvi isiyozidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima. Kuhusu pombe na tumbaku, sema ukweli bila kuzungukazunguka: vyote viwili husababisha saratani, na busaa na chang'aa ni pombe kama nyingine. Chai ya moto sana nayo inastahili arafa yake, kwani mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema kwamba vinywaji vya nyuzi joto zaidi ya 65 kwa kipimo cha selsiasi huenda vikasababisha saratani ya umio.

Kuandika arafa yenyewe

Arafa moja ina nafasi ya herufi 160, nafasi tupu na nukta zikihesabiwa. Ukizidisha, simu huigawa katika arafa mbili na gharama huwa mara mbili. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba alama moja tu isiyo ya kawaida, kama vile kikaragosi cha tabasamu au ritifaa (alama ya ') iliyopinda ambayo programu za kompyuta huiweka zenyewe katika neno kama "chang'aa" au "ng'ombe", hupunguza nafasi hiyo hadi herufi 70. Tumia ritifaa iliyonyooka, acha vikaragosi, na uhesabu kabla ya kutuma.

Kila arafa ibebe tendo moja linaloweza kufanywa kwa vitu vilivyo nyumbani, na imwombe mshiriki jibu la neno moja. Fikiria arafa hii, ambayo mfano wake unapatikana katika miradi mingi:

"Mazoezi na lishe bora ni muhimu kwa afya yako. Epuka msongo wa mawazo na uzingatie ushauri wa daktari."

Hakuna uongo ndani yake, lakini hakuna pia cha kufanya. Msomaji hawezi kuijibu, na baada ya mbili tatu za namna hiyo atakuwa anazifuta bila kuzisoma. Linganisha na hii, ambayo haijafika herufi 160:

"Habari Mama Atieno. Wiki hii jaribu kutembea dakika 10 baada ya chakula cha jioni, siku 3. Ukiweza jibu SAWA. Ukipata tatizo jibu SHIDA."

Kwa mzee aliyetibiwa saratani ya umio, arafa yaweza kuwa hivi:

"Habari Mzee Kiprono. Acha chai ipoe dakika 5 kabla ya kunywa. Chakula kikianza kukwama kooni usingoje siku ya kliniki, jibu SHIDA."

Na kwa anayemeza dawa za homoni kwa miaka mitano au kumi, ambapo jina la dawa halitajwi kwa sababu tulizozieleza:

"Mama Chebet, wiki hii ulikosa tembe siku ngapi? Jibu kwa namba, mfano 0 au 2. Hatukukaripii, tunataka kujua kinachokusumbua."

Arafa hii ya mwisho ndiyo ninayoithamini kuliko nyingine zote. Swali la "je, umemeza dawa?" hujibiwa "ndiyo" na karibu kila mtu, kwa adabu, kama vile mgeni anavyosema ameshiba. Swali la siku ngapi zilizokosekana, likiambatana na hakikisho kwamba hakuna kukaripiwa, humpa mtu ruhusa ya kusema kweli, na ukweli huo ndio utakaomwonyesha muuguzi kwamba tembe zimeachwa kwa sababu ya joto la ghafla mwilini, maumivu ya viungo, au nauli ya kuzifuata mjini.

Kwa sababu simu hukaa bila chaji hata siku mbili, usiandike "leo", "kesho" wala "asubuhi hii". Andika "wiki hii", au siku pamoja na tarehe, hasa arafa inapokumbusha kliniki. Chagua siku moja na saa moja na usizibadilishe. Jioni ya katikati ya wiki hufaa wengi. Jumapili asubuhi haifai, na Nyanza na Kisii, ambako Waadventista ni wengi, Jumamosi pia haifai hadi jua litue. Wakati wa kupanda, mvua ndefu zinapoanza, punguza madai ya mazoezi na uulize zaidi kuhusu uchovu na mlo. Msiba ukitokea katika familia, mshiriki apate wiki mbili za kimya isipokuwa salamu ya pole iliyoandikwa na mtu anayemjua.

Mara moja kwa wiki yatosha kwa wengi. Anayeomba zaidi apewe mbili. Anayeomba pungufu apewe moja kwa wiki mbili, na asihesabiwe kuwa ameshindwa.

Majibu na mtu wa kuyapokea

Usiseme mradi umeanza hadi uwe umeandika jina la mtu anayepokea majibu, jina la atakayeshika zamu yake akiugua au akienda likizo, na saa za kazi zao. Mtu mmoja anayefanya kazi nyingine pia anaweza kuhudumia washiriki thelathini hivi kwa uaminifu. Akipewa mia tatu ataanza kuchagua nani wa kumjibu, na watakaoachwa ni wale wasiojua kudai.

Kila "SHIDA" ipigiwe simu ndani ya saa 48. Mazungumzo yaanze kwa kusikiliza, wala yasiwe hotuba ya pili ya lishe. Mara nyingi shida haitakuwa ya kitabibu: boda imepanda bei, ada ya Mamlaka ya Afya ya Jamii haijalipwa, mume hataki aende kikundini, au miguu inauma kwa sababu viatu ni vibaya. Nyingine zitakuwa za hatari, na hizo zipewe njia yake. Homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa mtu ambaye bado yuko kwenye tibakemikali ni dharura ya saa hiyohiyo. Kutokwa na damu ukeni baada ya matibabu, kushindwa kumeza, uvimbe mpya, kupungua uzito bila sababu, kukosa pumzi, mguu mmoja kuvimba ghafla, au maumivu ya mgongo yanayoambatana na udhaifu wa miguu, vyote vinahitaji mtu aonwe bila kungoja tarehe iliyo kwenye kadi. Andika mapema nani atapigiwa katika hospitali ya rufaa iliyo karibu, iwe ni ile ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ya Moi mjini Eldoret au ya Nakuru. Na kwa kuwa arafa inaweza kuchelewa, waeleze washiriki tangu mwanzo kwamba namba hii si ya dharura, na uwape ile ya kupiga usiku.

Kimya nacho ni jibu. Anayenyamaza huenda hana krediti, amepoteza laini, amechoka na maswali yenu, au amelazwa. Baada ya wiki mbili za kimya apigiwe simu, na asipopatikana, mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake apite nyumbani, ikiwa mshiriki aliridhia hivyo siku ya kujiunga. Gharama ya kujibu isiwe yake. Kwa mradi mkubwa, ombeni namba fupi ambayo majibu yake ni ya bure. Kwa kikundi kidogo, mshiriki a-flash tu na apigiwe.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Kikundi cha watu thelathini kinaweza kuanza na simu moja ya kabambe yenye laini yake, inayofungiwa kabatini, na daftari la majibu. Kikikua, kampuni za kutuma arafa kwa wingi zipo nchini na huuza kwa idadi. Kumbuka tu mambo mawili: kwanza, kwamba jina la herufi linalotokea badala ya namba haliwezi kujibiwa, na kwa hiyo haliwafai wanaotaka majibu, na pili, kwamba wateja wengi wamefunga arafa za matangazo, hivyo zako zisajiliwe kama za huduma, la sivyo hazitawafikia.

Kuondoa jina

Orodha isipotunzwa hugeuka kuwa chanzo cha maumivu. Saratani ya mtu inaporudi, arafa ya "wiki hii ongeza dakika tano" inayomkuta kitandani ni ukatili, hata kama imetumwa na mashine. Mtu anapofariki, simu yake mara nyingi hubaki mkononi mwa mjane au mtoto, na swali la kama amemeza tembe linaweza kuingia watu wakiwa bado matangani. Kwa hiyo mtu mmoja apewe jukumu la kulinganisha orodha na habari za kliniki, wadi na kikundi kila wiki kabla ya saa ya kutuma, na mtu yeyote kikundini awe na uwezo wa kusema "mwondoeni fulani kwanza" bila kutakiwa kuleta karatasi. Familia iliyofiwa ipigiwe simu ya pole, si kuandikiwa. Aliyerudiwa na ugonjwa aulizwe kama angependa arafa za namna nyingine, za maumivu, usingizi na hamu ya kula, kwa sababu wengine huumia zaidi kwa kuachwa kuliko kwa kuulizwa.

Kila baada ya miezi mitatu keti na daftari lako na uhesabu: arafa ngapi zilifika, wangapi walijibu, "SHIDA" zilikuwa ngapi, na ngapi kati yake zilipigiwa simu ndani ya saa 48. Hesabu hiyo ya mwisho ndiyo ya kwanza kwa uzito. Ikiwa nusu ya waliolalamika hawakupigiwa, usiongeze washiriki, na usitunge arafa mpya: tafuta muuguzi wa pili au upunguze orodha. Siku ya kliniki muulize mshiriki dakika anazotembea kwa wiki, siku za tembe alizokosa na uzito wake, uandike kando ya zile za siku aliyojiunga, na umwonyeshe.

Mradi ukifika mwisho, kwa kuwa fedha zimeisha au miezi sita imetimia, usizime arafa ghafla. Watangazie washiriki mwezi mmoja kabla, uwaombe waliokuwa wakijibu "SHIDA" mara kwa mara waje kuonana na muuguzi, na katika arafa ya mwisho uwaachie namba ya kliniki inayopokelewa na mtu, saa zake za kazi, na tarehe ya miadi ya kila mmoja ili aihamishie kwenye kadi yake.